Kiambatisho Chenye Jina Lako

Kaka,

Salamu nitakupa nikipoa. Jana ulinipigia simu kunigombeza: "Mdogo wangu, siku hizi nani anafungua kiambatisho bila kukikagua?"

Fundi ameifuta kompyuta yangu yote. Picha za mama zimekwenda, hata ile ambayo anacheka bila meno. Anasema virusi vilianzia kwenye kompyuta yako, vikajituma kwa kila mwenye anwani humo. Na wewe ndiye uliyekataa kuweka programu ya kinga, eti inachelewesha mashine!

Barua pepe ilikuwa na jina lako. Ilisema, "Fungua, nimekukumbuka." Tangu tumzike mama, miezi saba, hukuwahi kuniandikia hata neno. Ulitaka nisifungue?

Kinga nimeshaweka. Sasa niandikie wewe mwenyewe.

Mdogo wako, bado nimenuna.