Mtu wa Kushoto Kwangu

Detroit, 4 Aprili 1971

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza visa. Mama naye hajambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku haijui kuaga. Kiwandani nafunga milango ya magari kutwa, hata nikilala mikono bado inafunga.

Nina habari ya kukufurahisha. Nimejiunga na Umoja wa Mtaa, vijana weusi wa hapa hapa. Asubuhi tunawapikia watoto uji kabla ya shule. Na mwenye nyumba akileta askari kutupa vyombo vya mtu nje, tunasimama mlangoni tumefungana viwiko, kama mlivyofanya nyie kule kwenye maandamano, siku ile askari walipowajia na farasi. Kapteni wetu, Reuben, aliposikia baba yangu alikuwepo, alisimama akanipa mkono! Nimewasimulia jinsi rungu lilivyoshuka na mtu wa kushoto kwako asikuachie. Wananiuliza alikuwa nani. Baba, alikuwa nani?

Mwanao,
Ambrose


Bethel Grove, Alabama, 25 Aprili 1971

Marahaba mwanangu,

Tumshukuru Mungu, tunapumua. Goti ni lile lile, lakini siku hizi linanitabiria mvua. Mama yako hajambo, anauliza kama huko mboga za majani zipo au mnakula makopo tu.

Barua yako niliwasomea kina Percival kwenye mazoezi ya kuimba. Nilisoma kifua mbele, kwa sauti yangu nzito ya besi. Percival akasema, "Hosea, utapasua vifungo vya shati." Mwambie kapteni wako mshikane viwiko, si viganja. Kiganja kinatoka jasho, kinateleza. Na usilitazame rungu, mtazame mwenzako.

Wa kushoto kwangu alikuwa mtu tu wa hapa kijijini. Yaliyopita si ndwele. Wewe kuwa mwanamume, inatosha.

Baba yako


Detroit, 20 Juni 1971

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, japo si sana. Nakuandikia mwenyewe kabla hujasikia kwa binamu Cleotha, maana mdomo wake hauna kufuli.

Mkutanoni Reuben alisema mzungu alituvunja uanaume, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mapambano ni kuwa wanaume tena. Akasema ushoga ni ugonjwa wa wazungu, mweusi halisi hana. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, Baba, mikono ilienda yenyewe. Jamaa mmoja akadakia, "Basi muulizeni Ambrose, yule Wendell anayekaa naye ni nani wake!" Wakaangua kicheko. Reuben hakucheka. Akaniambia, "Kaka, kanusha tu, yaishe." Nikashindwa. Wendell ndiye mtu wangu, Baba. Ndiyo, nina maana hiyo hiyo unayoiogopa.

Wiki iliyofuata askari walikuja kumtoa Bibi Odessa, mjane wa jengo letu. Nikasimama mahali pangu, nikatoa viwiko. Wa kulia akatia mikono mfukoni. Wa kushoto akasema, "Usiniguse, dada." Askari wana macho. Walipenya hapo hapo, huku na huku kwangu. Bibi Odessa akasukumwa akavunjika mkono, na kitanda chake kikanyeshewa barabarani. Halafu Reuben akasema mimi ndiye niliyevunja mnyororo.

Sijui nilie kwa lipi. Nijibu Baba, hata kwa matusi.

Mwanao,
Ambrose


Detroit, 8 Agosti 1971

Shikamoo Baba,

U mzima? Kifurushi cha Mama kimefika, biskuti zote salama. Nilitafuta barua yako hadi chini ya karatasi, sikuiona.

Wameninyang'anya kitambaa cha mkononi, kile cha walinzi wa Umoja. Bibi Odessa alimwendea Reuben na plasta yake akamwambia, "Mwanangu, mmeogopa kushika kiwiko cha Ambrose, haya, mtashika mkono huu wangu uliovunjika?" Reuben alimjibu kwa heshima zote, lakini msimamo wake ni ule ule.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tuna maandamano ya kodi za nyumba. Nitakwenda. Wendell anasema tubaki nyumbani, watu hawa wametufanyia nini? Lakini ni watu wangu, Baba. Siwezi kwenda kuwa mweusi peke yangu. Nitasimama pembeni, kiwiko nje, atakayetaka ashike.

Mwanao, bado,
Ambrose


Bethel Grove, 19 Septemba 1971

Mwanangu Ambrose,

Marahaba, zote ulizonirundikia. Sisi wazima. Goti ni lile lile.

Nilikuandikia barua kadhaa, Mama yako akazitumia kuwashia jiko. Alifanya vizuri. Nilisema humu ndani kwamba sina mwana. Akanijibu basi na yeye hana mume, akahamia chumba chako, na mpaka leo yuko huko. Mazoezini nikaacha kwenda, maana ningemtazamaje Percival? Anaishi na "binamu" yake Lonnie tangu ujana wetu. Nyumba yao ina kitanda kimoja, na sisi sote tumekula pai ya Lonnie pale mezani tukiitana binamu, binamu. Hapa hatusemi. Niliita adabu, kumbe pengine ni woga.

Percival akaja mwenyewe, akakaa barazani. "Hosea, besi imekwenda wapi?" Nikampa barua yako. Akaisoma taratibu mpaka mwisho. Unaukumbuka mkono wake wa kushoto uliopinda? Ulipokuja Krismasi ya mwaka ule wa farasi tulikwambia ni trekta. Uongo mtupu. Ndiye aliyekuwa kushoto kwangu, Ambrose. Rungu lilikuwa linanijia mimi. Aliuinua mkono ule juu ya kichwa changu ukavunjika, na ule mwingine haukuachia kiwiko changu. Kila mwaka naisimulia hadithi ile kanisani, hata rangi ya farasi naitaja, jina lake nalimeza. Niliona haya watu wasije wakasema Hosea aliokolewa na Percival.

Nikamwomba tuje naye Detroit amweleze huyo Reuben wenu. Akasimama, akavaa kofia. "Mkono wangu nilishautoa, Hosea. Nenda na wako."

Jumapili nikaisimulia tena, na safari hii nikamtaja. Mashemasi wakajipepea kwa nguvu, mmoja akatoka nje. Percival alikuwa anatazama viatu vyake, mashavu yamelowa.

Sitakudanganya, sijaelewa bado. Nikikufikiria na huyo kijana moyo unakwama, na sijui nitamwita nani. Lakini kila nikikaa mezani nakuona umesimama pembeni, kiwiko nje, na chakula hakipiti.

Basi langu linafika Ijumaa, kesho yake ndiyo maandamano yenu. Mama yako ameshatafuta boksi la viatu la kutilia kuku wa kukaanga wa kula njiani. Kuna na chupa ya jemu ya Wendell, nimeonywa nisiiguse.

Wendell akikubali kuja, ashike kulia kwako. Kushoto niachie mimi.

Baba yako