Matofali Elfu Nne na Mkwe wa Newala

Masasi, 3 Mei 1905

Kwa Mjomba, Mwalimu Cecil, Newala

Shikamoo mjomba. Natumaini wewe na wanafunzi wako mnaamka vyema. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika, nao una haki: wiki hii umeinamia kalibu ya kufyatulia matofali mara elfu moja na mia mbili.

Baba alipofariki ulinilea wewe, basi wa kunisikiliza ni wewe. Unajua nilianza kwa kubeba udongo wa misheni kichwani. Leo mimi ni fundi wa matofali, kalibu nne ni zangu, na hakuna aliyenishika mkono. Nataka jambo moja tu duniani: nimwoe Isabela, nimjengee nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na baraza, mchwa akiigusa avunjike meno.

Sasa mama yake anasema desturi ya huko juu ni mwanamume kuhamia kwa mama wa mke. Nijenge Newala, uani kwake. Mjomba, nimepiga hesabu. Nyumba ni matofali elfu nne. Kila mia inakunywa maji mitungi kumi na miwili. Hiyo ni mitungi mia nne na themanini. Newala hakuna maji. Mwanamke anateremka bondeni jogoo la kwanza, anapanda na mtungi mmoja jua likiwa limeshakuwa kali. Kwa hiyo ni siku mia nne na themanini, mwaka mmoja na siku mia moja na kumi na tano, na humo hakuna aliyekunywa wala kunawa uso. Mungu udongo mzuri na maji ameviweka Masasi, mke wangu akamweka Newala. Mimi fundi mdogo nisingegawa hivyo.

Nimekwenda kanisani asubuhi arobaini mfululizo kuomba moyo wa mama huyo ulainike. Umezidi ugumu. Kichwa chake kigumu kuliko tofali la mdomo wa tanuru. Na mimi katika miaka sita nimekosa ibada Jumapili moja tu, nayo nilikuwa na homa. Najiuliza kama hesabu hiyo imefika mbinguni.

Nenda ukaseme naye, wewe ndiye mshenga wangu. Barua anakuletea Yohana, mwenzangu wa tanuruni, anayekuja huko kununua mihogo.

Mpwa wako,
Silvano


Newala, 19 Mei 1905

Mpwa wangu Silvano,

Marahaba. Sisi tu wazima, na kikohozi cha wanafunzi kimepungua. Changu kimeanza, na sababu yake ni wewe.

Yohana alinikuta uani kwa Mama Isabela, akanipa barua palepale. Unajua desturi: barua ikifika, watu hukaa chini wasomewe. Walikaa watu kumi na saba. Nikaanza kusoma kwa sauti nzuri ya kanisani, salamu, mgongo, mitungi, nikafika penye kichwa kigumu kabla sijauma ulimi. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mama Isabela akasema, "Mwalimu, kunywa maji, ndiyo hayo machache, kisha uendelee. Umefika kwenye kichwa changu."

Nikaendelea. Ningefanyaje?

Jibu lake nimeliandika kama alivyolitoa: "Mwambieni mkwe mtarajiwa kwamba hesabu ni nzuri. Mimi nimepanda na maji hayo miaka thelathini bila kalamu. Aje abebe mwezi mmoja, ndipo tuzungumze habari ya kuta." Naye Isabela anauliza kama anaolewa na mtu au na ukuta.

Kuhusu Mungu, sikiliza. Jioni huwa natembea hadi ukingoni mwa mlima wetu, upande wa magharibi. Nikisimama pale naona milima ya Masasi kama vipele kwenye ngozi ya nyika, naona na njia ambayo mtu aliye ndani yake haoni hata kona ya pili. Mungu anakaa ukingoni, mpwa wangu. Wewe uko chini ya mti mmoja, unahesabu majani. Mwamini aliye juu.

Na siku nyingine jambo la siri liandike karatasi ya pili.

Mjomba wako,
Cecil


Masasi, 20 Juni 1905

Shikamoo mjomba. Habari za kikohozi? Mimi nina afya, na hiyo ndiyo mali pekee niliyobaki nayo.

Nilikuwa nimeanika matofali mabichi elfu tatu na mia moja. Tarehe kumi na nne ikanyesha mvua. Mvua ya Juni, mjomba. Wazee wa hapa hawaikumbuki, na mimi nimewauliza wanane. Ilinyesha kutwa, matofali yakalala, yakashikana, yakawa uji. Nikasimama katikati na ubao kichwani kama mtu aliyeibiwa nguo.

Nimefikiri sana habari ya ukingo wako. Kama Mungu amesimama pale anaona mbali, basi wingu lile aliliona kabla yangu. Angepiga hata mluzi.

Sitakuja kubeba maji. Naanza upya, tofali la kwanza hadi la elfu nne, na Agosti nitachoma. Mwambie Isabela anaolewa na mtu, ila mtu huyo lazima alale mahali.

Mpwa wako mwenye hasara,
Silvano


Newala, 14 Agosti 1905

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku afya ipo, usingizi ndio haupo.

Habari ya mluzi nimeipata. Nilimsomea Mama Isabela sehemu hiyo peke yake, akacheka hadi akashika ubavu, akasema, "Kijana huyu anagombana na Mungu kama mtu anayegombana na mkwe. Basi anamwamini, maana mtu hagombani na asiyekuwepo." Mama huyu ana miaka mitatu katika darasa la ubatizo, na siku nyingine huona afadhali anifundishe yeye.

Sasa acha mzaha. Wapita njia wanasema vita vinashuka kutoka kaskazini. Watu wanapewa maji ya dawa, wanaambiwa risasi ya Mdachi itakuwa maji, na kila kilicho cha wageni wanakichoma, makanisa pamoja nacho. Acha matofali, upande huku. Mama Isabela anasema jiko lake lina nafasi ya mkeka mmoja.

Mjomba wako,
Cecil


Masasi, 24 Agosti 1905

Shikamoo mjomba. Salamu fupi, mikono ina udongo.

Tanuru limepangwa. Elfu nne kamili, nimeyahesabu mara mbili. Midomo minne imejaa kuni, juu nimekandika kwa tope. Nilipanga kuwasha Jumatatu. Leo mapadre wametuambia tuondoke wote, wao wanashika njia ya Lindi. Yohana amekwenda kuwabebea mizigo, amemwacha Priska, mkewe, anayekaribia kujifungua.

Nani ataondoka akaache tanuru lililopangwa? Ni sawa na kuacha chungu mekoni kabla hujatia moto. Nikipata siku nne tu za kuchoma, nitakuja. Watu wanasema wapiganaji wameonekana upande wa Nanganga.

Usikasirike.

Silvano


Newala, 3 Septemba 1905

Silvano,

Sijui kama naandika kwa mtu aliyepo. Hakuna wa kuipeleka barua hii. Naandika kwa sababu mkono umezoea.

Siku sita nimekwenda ukingoni. Kuna moshi upande wa Masasi. Lakini Agosti na Septemba nyika yote huwaka, watu wanachoma mashamba, wanachoma nyasi. Nimehesabu mioshi tisa, kazi ambayo ingekufaa wewe. Sijui moshi upi ni kanisa, upi ni wewe.

Nilikuandikia kwa ujuzi mwingi kwamba aliye juu anaona njia nzima. Mimi niko juu, na ninachoona ni moshi. Jana nilianza Zaburi, nikafika katikati nikafunga kitabu kwa kishindo, wanafunzi wakashtuka. Nikikuhubiria tena habari ya ukingo, unikumbushe siku hii.

Mama Isabela kila siku anateremka bondeni mara mbili. Mtungi wa pili anauweka jikoni, karibu na mkeka, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Isabela aliuliza ni wa nani. Akajibiwa, "Wa yule wa hesabu."

Mjomba wako


Masasi, 6 Oktoba 1905

Shikamoo mjomba. Mimi ni mzima. Nimeandika neno hilo pole pole ili uliamini.

Walikuja. Tulipanda miambani tukajificha pangoni, watu kumi na mmoja, Priska akiwa mmoja wetu. Alijifungua siku ya pili mtoto wa kike, na sisi wanaume tukageuka tukatazama jiwe. Kwa hiyo tulikuwa kumi na wawili.

Nililala juu ya mwamba nikaona kanisa likiungua. Mjomba, ukuta wa kaskazini nilijenga mimi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Kisha wakaja kwenye tanuru langu. Wakalizunguka. Nadhani walidhani ni nyumba ya padre isiyo na madirisha, au ghala lake, maana mmoja alibisha kwa rungu, akasikiliza. Wakajadiliana. Halafu wakawasha. Wakaanzia upande wa upepo, mjomba, jambo ambalo hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza halifanyi. Karibu nipige kelele niwaelekeze. Priska alinikalia mgongoni.

Moto ulipolegea, wakaona nyumba haianguki, wakakasirika. Wakaleta mabenchi ya shule wakayasukuma midomoni, yote thelathini na mawili, mbao kavu za mninga. Siku ya pili wakaleta mbao nyingine. Haijapata kuchomwa tanuru kwa bidii hiyo. Walipochoka wakaenda zao, na nyumba ile bado imesimama.

Jana nimelifungua. Katika elfu nne, mazima ni elfu tatu mia nane na sitini na mawili. Ukigonga moja, linalia kama kengele. Mimi mwenyewe katika kila kumi huharibu moja.

Nilicheka, mjomba, peke yangu, nikalia, nikacheka tena. Kisha Priska akaja na mtoto mgongoni. Wale wa njia ya Lindi wameleta habari: Yohana aliuawa njiani. Nikaliweka chini tofali nililoshika.

Sasa nijibu, mwalimu. Niseme Mungu alichoma kanisa ili anichomee matofali? Neno hilo siwezi kulisema mbele ya Priska. Na kama siwezi kulisema mbele yake, nadhani si la kweli. Basi niseme nini?

Mpwa wako,
Silvano


Newala, 17 Oktoba 1905

Mpwa wangu uliye hai,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hiyo ni kwa siku zote nilizokuzika.

Barua ilisomwa uani. Hukuwa na karatasi ya pili, nami sikukohoa. Nilipomaliza, Mama Isabela akaingia jikoni, akatoka na ule mtungi, akamwaga maji ya zamani, akasema yamekaa sana, atakuletea mapya. Akateremka bondeni jua la saa sita. Isabela alimkimbilia. Walirudi wote wawili macho mekundu wakidai ni vumbi.

Usiseme neno lile. Hukukosea kulizuia. Mungu hauzi kanisa kwa matofali, wala Yohana kwa chochote. Kwa nini yeye na si wewe, sijui, na atakayekuambia anajua, mwulize alisimama wapi. Mimi ninajua kitu kimoja, nacho ni kidogo. Nilisimama juu, nikaona moshi, nikasema mpwa wangu amekwisha. Moshi ule ule ulikuwa unaivisha nyumba yako. Niliuona vizuri, sikuona kilichokuwa ndani yake. Tangu siku hiyo naamini kuna anayeona ndani ya moshi, na kwamba si mimi. Zamani nilikuwa nachanganya.

Njia ikitulia, uje ubebe maji.

Mjomba wako,
Cecil


Masasi, 9 Mei 1906

Shikamoo mjomba. Unaendeleaje tangu ndoa? Isabela ni mzima, anakusalimu. Mama mkwe ni mzima mno. Njaa ipo, tunakula mizizi na matumaini, ila mtama wa kwanza umeanza kuiva.

Nakuandikia wewe kwa sababu hapa ndani hakuna mahali pa kusemea.

Ulikuwepo nilipobeba maji. Mitungi ishirini na minane kwa siku ishirini na nane, miwili niliivunja. Lakini ya siku ya kumi na tisa hukuyasikia. Tulikuwa tunapanda, mama mbele, mimi nyuma kwa heshima ya mkwe, nikamwambia kwa upole kwamba miaka thelathini ni kama mitungi elfu kumi na moja. Akasimama. Akauliza, "Huko kwako maji yako umbali gani?" Nikamjibu, hatua mia mbili na kumi. Akajitwisha mtungi upya, akapanda. Siku ya nne baada ya hapo akatamka ile hukumu uliyotuandikia: desturi inasema mume akae anapokaa mama wa mke, haikusema mama akae wapi.

Kwa hiyo desturi imetimia. Nimehamia kwa mama mkwe, nyumbani kwangu.

Matofali mia tisa nilimpa Priska. Nilitoa shingo upande, usinisifu. Nilizunguka rundo siku mbili kwanza. Lakini nusu ya kuni zile za tanuru alikata Yohana. Yaliyobaki yametosha vyumba viwili, baraza hakuna. Kwa heshima ya mkwe chumba cha mama kina mlango wake upande wa mashariki, nacho ndicho kikubwa. Kuku wake kumi na wanne hawajui habari ya heshima, wanapita kwangu.

Bado anaamka jogoo la kwanza kwenda kuteka maji. Hatua mia mbili na kumi. Anarudi kabla sijafunga nguo. Ana asubuhi nzima mbele yake na hajui la kuifanyia, miaka thelathini hakuwa nayo. Basi anakuja kukaa kwenye uchanjaa wangu wa kuanikia matofali kunifundisha udongo. Jana aliniambia nimezidisha maji. Nilipima. Nilikuwa nimezidisha.

Siku arobaini niliomba moyo wake ulainike. Umelainika, siwezi kukana. Mtungi wa kwanza wa kila siku ananiwekea mimi. Ila nilipoomba sikutaja akae umbali gani.

Mjomba, wewe unayekaa ukingoni, utazame tena upande wetu jioni. Moshi mwembamba utakaouona ni jiko letu. Nawe ukisikia mama anahitajika huko Newala hata kwa wiki moja, usingoje Yohana mwingine wa kuleta barua, hatutampata kama yule.

Piga mluzi tu.

Mpwa wako, ambaye hata hivyo anashukuru,
Silvano