Honi ya Kumfuata Mama Kiloleli

Mpendwa Baba,

Nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani na Mama. Bado nasema kwa sauti ndogo, kama ulivyoniacha.

Nakumbuka mwaka ule ulipouza ng'ombe mtamba wa Mama bila kumwuliza, ili upate matairi ya pikapu. Mama hakugomba. Alifunga khanga zake akarudi kwao Kiloleli. Ulipotaka kumfuata, ulilipaka gari rangi nyeusi kuanzia bampa hadi honi, wakwe wasikuone mnyonge. Kesho yake honi haikulia.

Bila honi usingeweza kwenda. Njia inapita katikati ya uwanja wa Bibi, na kwetu mume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Siku zote ulipiga honi kwenye kona, naye akaondoka njiani. Ungemkuta ghafla, ungetozwa mbuzi wa kuomba radhi, na Mama angepata sababu ya kubaki.

Tulihangaika nayo hapa uani. Ulipima betri, ukabadilisha waya, ukasugua swichi ya usukani. Kimya. Nilikuwa nimeshika spana, neno liko mdomoni, ukaniona.

"Sema, mwanangu. Iliyokufa ni honi, si wewe."

Nikasema ilikuwa ikilia kabla ya rangi.

Kisha ukafungua bolti inayoishikilia honi kwenye bodi, ukakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, maana umeme wake hurudi kwenye betri kupitia pale. Ulipobonyeza, kuku walitawanyika, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Nimejipamba kwa wakwe hadi nimejiziba mdomo."

Kule Kiloleli Bibi alisikia honi, akaenda nyuma ya ghala. Kutoka huko akanituma nikuambie kwamba binti yake si mtamba. Ukanirudisha nikamwambie umesikia. Mama akatoka, akapanda mbele, akatazama dirishani hadi mjini Bariadi. Nawe hukuthubutu kumtazama.

Juzi tukichambua pamba nilimwuliza kama siku ile alitaka kukataa. Akasema mzigo wake ulikuwa umefungwa tangu wiki ya kwanza, na kila gari lilipopita alisimama kusikiliza kama ni lako. Wewe hukuwahi kumwuliza, Baba, ndiyo maana nakuambia mimi.

Lala salama kaburini mwako.

Ni mimi, binti yako