Chozi Uliloniuliza, Dada

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa barua kwa sababu simu zangu hupokei, na mlango wako nimeugonga mara mbili nikasikia kabisa redio ikipunguzwa sauti. Sikulaumu. U hali gani? Miguu imeacha kuvimba? Na shemeji, anakula? Mimi ni mzima wa mwili tu, mengine tuyaache.

Kaka alinifikishia swali lako. Alisema unataka kujua siku ile mahakamani nilikuwa namlilia nani, na kwamba nisipokujibu ukweli nisijihesabu tena kuwa nina dada. Nimelijibu kichwani wiki tatu. Leo nalijibu kwa kalamu, maana Ijumaa hukumu inasomwa, na sitaki ukae pembeni yangu bila kujua umekaa na nani.

Uliona sawasawa. Nilimlilia yeye. Yule tuliyemwita Mvuke kwa kuwa alikaa kwenye pasi ya mvuke pale kiwandani kwetu cha nguo miaka tisa, ndiye aliyemuua mwanetu na wenzake sita, na mimi nilimlilia.

Usiichane kwanza. Nimejaribu kusema kama wengine. Fundi wa vifungo, ambaye mumewe alikufa siku ile, husema yule si mtu, ni mnyama, nami huitikia, mnyama kweli. Halafu nafika nyumbani nakumbuka kiberiti alichokuwa anatembea nacho mfukoni, kimejaa vifungo, ili ukidondosha kimoja akupe kinachofanana. Mnyama gani anabeba vifungo vya watu? Nikianza kumchukia nafika mahali namwelewa, na nikimwelewa najiona mchawi.

Uligeuka ukaniona pale jaji alipomuuliza kama ana la kusema. Tulidhani ataomba radhi au atatukana. Akasema lile shati hakuliunguza yeye. Basi, akakaa. Loo, ukumbi ulivyolipuka! Wewe ulisimama ukapiga kelele kwamba watu saba wako kaburini, yeye anatuletea habari za shati. Ulisema haki tupu. Mimi ndipo machozi yaliponitoka.

Habari ya shati uliisikia mahakamani juu juu tu. Kiwandani kwetu aliyeharibu nguo huivaa juu ya nguo zake siku nzima, mpaka saa ya kutoka. Nilipopewa kazi ya ukaguzi niliyakuta hayo, nikaona afadhali mtu achekwe kuliko afukuzwe. Hata mimi niliwahi kuvaa suruali yenye mguu mmoja mrefu, nikatembea nayo kwa madaha hadi ofisini kwa meneja, watu wakavunjika mbavu. Ulikuwa utani, dada. Aliyevaa naye alitakiwa acheke.

Mvuke hakucheka. Lilikuwa shati jeupe lenye alama ya pasi mgongoni, na kikaratasi chake kilikuwa na namba ya meza yake. Alisema si lake. Mdomo wangu unaujua. Nilimwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba mtu mzima na mvi zake haoni haya kudanganya kama mtoto. Alilivaa. Saa ya kutoka ilipofika akaondoka nalo mwilini. Siku tatu hakuja. Ya nne akaja amelivaa, ana bunduki, na mashahidi walisema alikuwa anauliza mkaguzi yuko wapi. Nilikuwa stoo napokea majora ya vitambaa. Watu wakanipa pole nyingi, wakasema wakaguzi huchukiwa bure. Na wewe ulinikumbatia, ukasema afadhali mmoja wetu amebaki.

Mficha uchi hazai, dada. Shati lile aliliunguza binti yako.

Alikuwa na miezi miwili tu kazini, na wewe ndiye uliyenisihi nimwingize. Aligeuka kujibu mtu, pasi akaisahau. Alinijia stoo na shati mkononi, akasema mama mdogo, nisaidie, leo nitavalishwa. Nikamkingia kifua. Nilibandua kikaratasi chake nikabandika cha Mvuke, nikijiambia yule ni mkongwe, atavaa siku moja yaishe. Mwanetu hakucheka siku hiyo. Jioni aliniambia twende tukamwambie ukweli na yeye atalivaa kesho yake. Nikamwambia ayaache, yatapita. Yeye alitaka kusema, mimi ndiye niliyemziba mdomo. Hilo ulijue hata kama mengine yote utayasahau.

Simtetei Mvuke. Mtu hauawi kwa shati, seuze watu saba. Labda alikuwa na mengine moyoni tusiyoyajua. Lakini alisimama pale akasema neno moja la kweli, na katika ukumbi ule wote aliyejua kuwa ni kweli nilikuwa mimi, nami nilikaa kimya nikalia.

Jana nilikwenda kwa wakili wake nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kwamba kisheria halibadilishi kitu, atafungwa maisha vilevile. Nilimwomba basi angalau amwambie kwamba nimekiri. Akasema alishamwambia kila kitu cha kumwambia, mteja wake siku hizi hajibu, anaangalia ukuta tu.

Kwa hiyo sijaokoa mtu. Mwanetu harudi, wale sita hawarudi, na yeye hata kusikia hasikii. Umebaki wewe tu wa kuambiwa. Sikuombi msamaha, maana ningekuwa wewe nisingenipa.

Mpe shemeji salamu zangu, na Mama unisalimie, ila haya usimsomee. Bado anamwekea mjukuu wake sahani.

Ulisema nisipokujibu sina dada. Nimekujibu, na najua ndivyo nilivyokupoteza.

Ni mimi,
mama mdogo wa marehemu