Kamera ya Kwenye Maua

Caro, nimeumbuka!

Ile kamera niliyoificha kwenye maua ya plastiki koridoni, nimnase anayeniibia khanga kambani, imeniponza.

Niko zangu dukani Kariakoo, naichungulia kwenye simu. Namuona Mboni, mpangaji mwenzangu, anatoka bafuni kajifunga khanga yangu. Khanga YANGU, Caro! Nikaropoka, "Mwizi wewe!"

Kumbe nimegusa kitufe cha kuongea. Maua yakamtukana Mboni, akapiga yowe, nyumba nzima ikatoka.

Mjumbe wa mtaa kaniita nyumbani palepale: "Severa, unarekodi wake za watu wakitoka kuoga?"

"Na khanga yangu je?"

"Hilo baadaye. Omba radhi kwanza."

Nimeomba, wapangaji wote wananitazama. Mboni kanipa mkono mmoja. Wa pili kashikilia khanga yangu isimdondoke.