Magari Meusi ya Mwezi wa Aadi

Karaikudi, 22 Julai 2005

Mpwa wangu Thenmozhi,

Salamu zangu zikufikie huko Oragadam, zikukute mzima na umekula. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linaendelea na uhuni wake. Naandika kwa sababu simu ya duka ina masikio mengi. Nikisema tu "halo", wauzaji wangu wote wanaacha mchezo wao wa keram na kunyamaza.

Na wana nafasi ya kucheza keram, maana mwezi wa Aadi umeingia. Hakuna harusi, hakuna kuhamia nyumba, hakuna kununua gari. Nimekaa na mashine yangu ya kutengenezea risiti tukitazamana.

Kilichoniponza ni tamaa. Bwana Kulkarni, mkubwa wenu huko kiwandani, alitutangazia mawakala punguzo la Aadi, na punguzo kubwa kuliko yote akaliweka kwenye lile gari lenu la Thumbi, la rangi nyeusi. Nikasema moyoni, watu wa Karaikudi wanapenda rahisi kuliko wanavyoogopa mkosi. Nikachukua kumi na mbili. Lo! Wanaingia, wanakunywa mtindi wangu, wanalizunguka gari kama wanazunguka hekalu, kisha mzee anatikisa kichwa: "Chokkalingam, hii ni rangi ya nyota ya Sani. Unataka binti yangu aende kwa mume ndani ya mkosi?" Wanaondoka. Mtindi nao umekwisha.

Lakini usinihurumie. Aadi ikipita inakuja Avani, na Avani ni mwezi wa harusi. Ijumaa ya tarehe 9 Septemba, kabla ya saa nne na nusu asubuhi, kabla saa mbaya haijaingia, nitakabidhi Thumbi kumi na nane, nyekundu na nyeupe. Nimewapa wateja neno langu, na mmoja wao ni wewe bibie, na gari lako jekundu la kumzawadia mama yako. Tafadhali yatazame hayo magari huko kiwandani yasichelewe.

Mama yako anajifunza kuendesha na hajambo kabisa. Jana aligombana na ng'ombe katikati ya barabara mpaka ng'ombe akaona haya. Tangu shemeji atutoke, miaka yote hii amepanda nyuma ya pikipiki yangu. Ananiambia, "Chokka, mgongo wako nimeuchoka." Nimecheka mpaka goti likapona kidogo.

Ni mimi mjomba wako,
Chokkalingam


Oragadam, 29 Julai 2005

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na goti lipe pole. Mimi sijambo, ninakula, na chakula cha kantini bado hakijui pilipili.

Mjomba, kaa kwanza.

Unajua kazi yangu hapa ni kukadiria mauzo. Unaniita mnajimu mwenye kiyoyozi, sawa. Mwezi huu nyota hazikuwa nzuri. Bei ya chuma imepanda, mpira umepanda, na kila punguzo tunalowapa ninyi mawakala linakula faida iliyosalia. Niliwaandikia wakubwa wazi: tukitegemea soko la nyumbani peke yake, zamu ya pili ya Thumbi itafungwa kabla ya sikukuu ya Deepavali. Gari tukiliuza nje, hata ukitoa nauli ya meli, linatuachia zaidi. Wakanisikiliza! Mimi, mdogo kuliko wote mezani! Kampuni moja ya hoteli kule kisiwani Morisi imenunua magari mia mbili, na meli inaondoka bandari ya Ennore tarehe 4 Septemba.

Nilicheza mwenyewe ofisini, mlango nimefunga. Halafu nikaona orodha. Ili mia mbili zitimie wamechukua na zile kumi na nane zako. Kwako zitakuja Oktoba.

Mjomba, waombe wateja wavumilie. Ni mwezi mmoja tu. Nisamehe.

Mpwa wako,
Thenmozhi


Karaikudi, 3 Agosti 2005

Thenmozhi,

Hatujambo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Oktoba! Binti wa Subbiah anaolewa tarehe 11 Septemba. Nimwambie bwana harusi asubiri Oktoba? Daktari Meenal amekwishamlipa kuhani wa kulibariki gari lake. Watu hawa hawakuniandikisha mkataba wowote, walinishika mkono tu, nami nikawashika. Baba yangu aliuza baiskeli katika duka hili hili kwa kushikana mikono, na hakuna aliyewahi kurudi akilalamika.

Naona fahari kwamba wakubwa wamekusikiliza. Naona fahari na nimekasirika, vyote kwa pamoja.

Mama yako sijamwambia.

Mjomba wako


Oragadam, 9 Agosti 2005

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini umekula. Mimi sikula vizuri mpaka nilipopata ujasiri wa kwenda kwa Bwana Kulkarni.

Nikamwambia, "Bwana, hayo kumi na nane yana wenyewe. Yametajwa kwa siku njema."

"Wenyewe ni jamaa zako?"

"Mmoja ni mama yangu."

"Basi mama yako ni mtu mwelewa, atasubiri." Akarudi kwenye chai yake. Si mtu mbaya, Mjomba. Ametoka mbali, Pune, siku zetu njema hazijui, na zamu ya pili inamnyima usingizi kama inavyoninyima mimi. Wale wa zamu ya pili ndio ninaokula nao mchana. Meli ikiondoka pungufu, Morisi hawatanunua tena, na hapo hata wewe hutakuwa na Thumbi za kuuza, za rangi yoyote ile.

Inaniuma zaidi kwa sababu hata wenye hoteli hawakuridhika. Walitaka nyeusi, eti ndizo zinazopendeza mbele ya hoteli. Tukawaambia rangi hiyo tumeacha kuipaka tangu Mei, haina wanunuzi. Wakazikubali hizi shingo upande. Kwa hiyo nimekuudhi wewe kwa magari ambayo hata aliyeyanunua hayapendi sana.

Niandikie, hata kama ni kunitukana. Ufupi wa barua yako una kelele.

Mpwa wako,
Thenmozhi


Karaikudi, 13 Agosti 2005

Mpwa wangu kipenzi, ua la ukoo mzima, akili ya marehemu baba yako na ulimi wa mama yako!

Hujambo? Mimi sijambo, goti halijambo, hata mende wa stoo hawajambo!

Walitaka NYEUSI? Na jambo hilo unaliandika kule chini, kama unanipa habari za mvua? Mwanangu, mimi hapa nina kumi na mbili zimekaa zinanikodolea macho! Hazijatembea hata mpaka sokoni. Na Morisi wanaendesha upande wetu wa barabara, nimeuliza.

Kumi na mbili si kumi na nane, hilo najua. Basi nikashika simu na sikujali nani anasikiliza. Nikampigia Shenbagam, wakala wa Pudukkottai: "Una Thumbi nyeusi?" Akaapa kwa miungu yote kwamba hana hata moja, yeye si mjinga wa kununua rangi ya mkosi. Nikamwambia nimepata mteja. Akanong'ona, "Tatu." Yule wa Madurai, anayetucheka kila mkutano wa mawakala, alikuwa nazo tatu vilevile, amezifunika turubai nyuma ya choo cha wafanyakazi. Kumbe Aadi ilitutega sote, ila kila mtu alijifungia na aibu yake.

Mwambie Bwana Kulkarni hivi: awape Morisi nyeusi kumi na nane walizozitamani, na sisi atuachie za harusi. Nauli ya kuzileta kwenu tutabeba sisi. Akikataa, mpe simu aongee na mama yako.

Mjomba wako anayecheza ngoma peke yake,
Chokkalingam


Oragadam, 31 Agosti 2005

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya akili zako.

Bwana Kulkarni aliisoma hesabu mara mbili, akauliza, "Huyu mjomba wako amesomea wapi biashara?" Nikasema dukani. Akawapigia Morisi simu mbele yangu. Walivyoshangilia, ilibidi aiweke simu mbali na sikio.

Malori yenu yameingia jana. Walinzi walitoka kutazama, magari meusi yanang'aa na kila moja lina ndimu za kufukuza mkosi zinaning'inia mbele. Mkaguzi wetu hana utani. Akapita moja moja, mkono nyuma. Kwenye moja la Pudukkottai akainama.

"Hii kwenye boneti ni nini?"

Dereva wenu, bila haya: "Mbuzi, bwana."

"Mbuzi alifanya nini juu ya gari jipya?"

"Alilala, bwana. Ni jipya, lina joto zuri."

Alama za kwato zimeingia mpaka kwenye bati. Limekataliwa, dereva analirudisha kwako wewe uliyeyatuma. Kwa hiyo mmeleta kumi na saba, na mnapata kumi na saba. Mtu mmoja katika orodha yako anakosa.

Sikufikiri sana. Nimefuta jina langu. Binti wa Subbiah anaolewa, daktari kamlipa kuhani, wote wana sababu zao, na neno lako wewe litimie. Gari la mama litatoka Oktoba na litakuwa jekundu vilevile. Lakini nilipolifuta nililia, Mjomba, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimekwishamwona ndani yake, ananipungia mkono.

Usimwambie kabla ya siku. Mwache afurahi na masomo yake.

Mpwa wako,
Thenmozhi


Karaikudi, 12 Septemba 2005

Mpwa wangu,

Hujambo mwanangu? Sisi tu wazima kuliko tulivyowahi kuwa. Keti, nami nikueleze Ijumaa.

Saa mbili asubuhi mtaa mzima ulikuwa dukani. Kuhani, nazi, kafuri, wapiga zumari za nadaswaram ambao sikuwaita lakini walikuja na bili. Mama yako naye akafika. Alivaa sari ya hariri ambayo sijaiona mwilini mwake tangu shemeji alipokufa. Unajua yeye maua havai tena, na kwenye sherehe za watu husimama nyuma kabisa, asije akaambiwa mjane ameleta mkosi. Alikuwa na shada kubwa la asumini mkononi, la kulivika gari lako. Nilipoliona lile shada nikajifanya nahesabu funguo.

Magari yakatoka moja moja. Subbiah alinishika mkono, akaushika tena. Kumi na saba yakaisha. Mama yako akaniangalia.

Nikamwambia, "Dada, la kwako ni Oktoba. Thenmozhi ametoa nafasi yake ili wengine wasikose."

Akalishusha lile shada. Kisha akasema, "Ndivyo baba yake alivyokuwa." Akageuka. "Na lile pale ukutani?"

"Lile jeusi, Dada! Tena lina kwato za mbuzi."

"Mungu wetu Kannan ana rangi gani?"

"Mweusi."

"Mnamwimbia kila asubuhi. Lete ufunguo."

"Dada, watu watasema."

"Wamesema miaka kumi na moja, Chokka. Leo watakimbia au watagongwa."

Akalivika asumini. Tukaweka ndimu chini ya matairi, akazipasua zote nne kwa mpigo mmoja, akatoka na honi, wapiga nadaswaram wanamkimbilia nyuma. Alizunguka mitaa yote minne ya hekalu, kichwa juu, na wanawake walitoka milangoni wakapiga makofi. Mjane, ndani ya gari jeusi, katika mwezi wa harusi, na hakuna aliyegeuza uso. Nililia mbele ya wateja wangu, mwanangu, na sikutafuta kitambaa.

Sasa sikiliza balaa. Jumamosi asubuhi mke wa Subbiah kaja kuuliza kama lile jeusi lipo jingine. Akaja mwalimu wa hesabu. Akaja yule yule mzee wa nyota ya Sani! Eti kama mama yako Visalakshi haogopi, nani aogope, na tena vumbi halionekani upesi. Jana jioni wamefika tisa. Nami nimeyatia yote baharini kwa mikono yangu! Mwambie Bwana Kulkarni airudishe meli. Akishindwa, afungue ile rangi haraka.

Barua hii nampa mama yako aitie posta, amesema anapita njia hiyo.

Mjomba wako,
Chokkalingam


Oragadam, 13 Septemba 2005

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za afya sikuulizi, nimezisikia zote kwa mdomo.

Leo saa kumi jioni mlinzi wa getini amenipigia: "Kuna mama hapa na gari jeusi. Anasema ana barua na hampi mtu mwingine." Nikashuka ngazi mbio. Alikuwa ameegemea boneti, anamkosoa mlinzi jinsi alivyofunga mkanda. Mwalimu wake wa udereva, masikini, ameketi chini kando ya gurudumu, hataki kusimama.

"Mama! Umeendesha njia yote hiyo kutoka Karaikudi?"

"Mjomba wako kasema nipeleke posta. Posta ya nini, nami nina gari?"

Nilimkumbatia pale pale getini mbele ya zamu ya pili yote inayoingia kazini. Ndiyo, zamu ya pili ipo, na itaendelea kuwapo: Morisi wameagiza mia tatu nyingine. Bwana Kulkarni ameshuka mwenyewe kulitazama gari. Alipitisha vidole kwenye zile kwato, akamuuliza mama kama amepewa punguzo. Mama akamjibu kwamba alipewa, lakini dogo. Bwana Kulkarni amecheka, akaniambia rangi nyeusi inafunguliwa Jumatatu, na wewe andika oda kama mawakala wenzako, kwa bei kamili. Aadi imekwisha.

Nimepiga simu dukani msimtafute. Barua hii ataileta yeye, posta amekwisha kuidharau. Kesho nachukua likizo tunakuja pamoja. Niliomba kuendesha nusu ya njia, akaniuliza kama nina leseni, halafu akaniuliza kama nina uzoefu.

Naiandika juu ya boneti, ndiyo maana mwandiko umepinda. Mjomba, mama yangu amenifuata kazini kwangu, amekuja mwenyewe, kwa mikono yake. Sijui kama kuna makadirio yangu yoyote yaliyowahi kuiona siku hii.

Anapiga honi niingie.

Mpwa wako,
Thenmozhi