Siku Mbili Kila Dawa

Hewani, 3 Novemba 2023

Mpwa wangu Nelly,

Nakusalimu kwa wingi wa maji yaliyotuzunguka. Kazi yako ya uuguzi huko Madogo inaendaje? Sisi tuko salama, ila mama yako, dada yangu Sidi. Mkojo unamchoma kama pilipili, na kila akienda chooni yanatoka matone tu. Simu hazishiki tangu mto ufurike, ndiyo maana nimempa Dan wa lori barua hii.

Usihangaike, mimi nipo. Unanijua! Nilimvuta mamba mkia mpaka akamwachia mbuzi wa mzee Wako, na Wako mwenyewe, Muorma wa ng'ombe mia mbili, hamdungi mnyama sindano bila kuniita. Sasa ninafanya kazi ambayo nyinyi wenye vyeti hamjathubutu. Nimenunua septrini, amoksili na sipro, na ile ya manjano uliyomwachia wakati wa Pasaka ipo. Nazijaribu kama mbegu za mpunga, kila moja na kipande chake cha shamba: siku mbili, kisha nyingine. Itakayoshinda, hiyo ndiyo dawa. Septrini imeanza vizuri, jana Sidi alicheka.

Mjomba wako, Mwaro

Madogo, 7 Novemba

Mjomba, shikamoo. Poleni na mafuriko. Mwambie mama nampenda.

Tafadhali acha mashindano hayo. Siku mbili haziui vijidudu, zinavizoesha dawa. Ale chakula kwanza, kisha anywe ile ya manjano peke yake siku tano kamili, hata maumivu yakiisha siku ya pili. Mkojo utageuka rangi ya chai, msiogope. Lakini akishikwa na homa au mgongo, vidonge basi! Mpeleke hospitali ya Garsen apate sindano.

Mwanao, Nelly

Hewani, 11 Novemba

Mpwa wangu,

Hujambo? Barua yako sijaiona, nasikia barabara imekatika na Dan amekwama na lori huko kwenu. Hii nampa Nuh wa boti.

Matokeo: amoksili bure kabisa. Sipro bingwa! Siku mbili tu, akaamka akapika. Nikaificha iliyobaki, itatufaa siku nyingine. Ile yako ya manjano, nisamehe, ni sumu. Mkojo ulitoka mweusi kama chai ya turungi, nikaitupa mtoni yote. Sasa ana homa kidogo na mgongo, ni kulala chini kwenye unyevu. Nimerudia septrini. Jirani Jilo anasema nimpeleke hospitali. Nikamwambia, hospitali gani imewahi kujaribu dawa nne kwa mgonjwa mmoja?

Mjomba wako, Mwaro

Madogo, 15 Novemba

Shikamoo mjomba.

Nuh amefika leo, nampa hii na ile ya kwanza iliyokwama kwa Dan. Huo si unyevu, ni figo. Sasa hakuna kidonge cha kumpa. Mbebeni, mpandisheni boti, mfikisheni Garsen leo hii. Nimeomba ruhusa, lakini boti ya Nuh imejaa na barabara haipitiki. Mjomba, nakupigia magoti.

Nelly

Garsen, 22 Novemba

Nelly,

Salamu. Barua zako mbili zilifika pamoja, juzi Jumatatu. Nilimsomea Jilo ile ya kwanza, nikashindwa kuimaliza, akaimalizia yeye. Tulimbeba Sidi saa ile ile.

Hapa wamepata majibu ya mkojo. Septrini, amoksili, sipro, vijidudu vyake havisikii hata moja. Ya manjano ingeviua, wanasema, kabla havijapanda kwenye figo. Anachomwa sindano asubuhi na jioni, ila figo zimesimama na damu imechafuka. Jana alikuita mara nyingi. Leo haiti mtu.

Daktari ni msichana, umri wako. Aliniuliza amekunywa nini, siku ngapi. Nilizijua zote, nikamtajia moja moja na tarehe zake. Akaandika mpaka mwisho, akafunga faili, akanishukuru. Nilikaa pale nikingoja anigombeze. Akaenda kitanda cha pili.

Njoo ukipata boti. Usikae kungoja barabara.

Ndugu wa mama yako,
Mwaro